Neno la Mama na Lori la Merti

Mlikuja nyumbani kwangu Bulla Pesa, hapa Isiolo, wiki iliyopita, wanne, na simu zenu na kile kijiti cha kusimamishia simu. Mlisalimia vizuri, wawili salaam aleikum na wawili habari yako mama, mkaketi kwenye mkeka na kuimaliza chai yangu yote. Kisha yule msichana wenu mwenye miwani akauliza, "Mama Rukia, kwa nini uliacha kuigiza na jina lilikuwa juu hivyo?" Mwenzake akainua simu anirekodi. Nikawatoa nje. Sikuwatukana, lakini mlango niliufunga, na najua mliondoka mkisema mama huyu bado ana maringo ya runinga.

Maringo yangu yaliisha zamani. Niliogopa ile simu tu. Sasa nawaandikia, kwa sababu nyinyi ni watoto wa kikundi cha maigizo cha hapa mjini, mnataka kuifanya kazi niliyoifanya zaidi ya miaka ishirini, na swali lenu lina jibu. Ila jibu lenyewe linapitia kwa mama yangu, kwa maziwa ya ngamia na kwa lori moja lililotoka Merti, kwa hivyo mnivumilie. Mimi si mtu wa kupanga mambo kwa mfuatano. Hata skripti nilikuwa nazishika kuanzia katikati.

Jambo lenyewe kwa ufupi ni hili. Mama yangu alianza kuniambia neno, akakatwa kabla hajalimaliza, na alikufa bila kulirudia. Kwa miaka mitatu niliwaambia watu wote ni nani aliyemkata.

Lakini kwanza machozi, maana najua ndiyo mnayoyataka. Kila kijana anayetaka kuigiza huniuliza mtu hulia vipi mbele ya kamera. Nilipoanza nilikuwa sijui, na nikaona aibu kuuliza. Siku yangu ya kwanza ya kulia nilijipaka dawa ya kuchua misuli chini ya macho, nikadhani ni kidogo tu. Machozi yalikuja, hilo siwezi kulikana. Yalikuja saa tano asubuhi na hayakukoma mpaka saa tisa, na katika onyesho lililofuata nilitakiwa niwe bibi harusi. Mwelekezi aliniangalia, macho yamevimba kama nimeumwa na nyuki, akasema basi, leo bibi harusi ameozwa kwa lazima. Wakaibadilisha hadithi nzima kwa ajili ya uso wangu. Watazamaji waliipenda, nami nikapata jina la mwigizaji wa kulia kwa sababu ya ujinga wangu.

Baadaye nilijifunza njia iliyo sawa. Usiyatafute machozi. Itafutie mikono yako kazi ndogo, funga kifungo, kunja leso, na umnyime anayekutazama uso wako. Anayejizuia kulia ndiye anayewaliza watu. Hilo ni la bure, lishikeni.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa mwigizaji wala mwelekezi. Alikuwa fundi wa sauti, mzee wa Kitui aliyeitwa Mulwa, mtu mfupi mwenye sweta moja la mwaka mzima. Mulwa hakuangalia tunavyoigiza. Alikaa kwenye kona na vifaa vyake vya masikioni, amefumba macho, na akikuambia umedanganya, umedanganya kweli. "Uso unaweza kunipita," alikuwa akisema. "Sauti ikidanganya naisikia hapa kwa tumbo."

Somo lake kubwa lilikuwa la malori. Tulikuwa tunarekodi katika nyumba ya kukodi karibu na barabara kuu ya Nairobi, na kila baada ya dakika chache lori lilipita. Waigizaji wageni walipaza sauti washindane nalo, na Mulwa alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Neno nzuri haipigani na lori," alisema. "Ukisikia inakuja, nyamaza. Teremsha mkono hivi, kiganja iangalie chini, tujue umesimama. Usibadilishe uso. Ngoja ipite, alafu uanze tena kutoka mwanzo. Ukiendelea kuongea tumepoteza hiyo neno, na pengine haitakuja tena vile ilikuwa imekuja."

Mimi nililishika somo hilo kuliko wote, kwa sababu nilizaliwa kando ya barabara ya Marsabit. Sisi watoto wa Isiolo tulilijua lori likiwa bado mbali kule Ngaremara. Tulijua kama limebeba mbuzi au saruji, na kama dereva ana haraka. Kwenye seti niliteremsha mkono kabla Mulwa hajafumbua macho, wakanipa jina la Sikio. Miaka ikaenda, na ukafika wakati nilikuwa sifikiri tena, mkono unateremka wenyewe. Niko dukani nanunua majani ya chai, muuzaji ananiambia bei, lori linapita, mkono wangu huo chini. Tulicheka sana na jambo hilo. Mulwa alisema siku nitakapokufa, lori likipita, wazikaji watanyamaza wenyewe.

Mama yangu aliitwa Qabale. Sisi tulimwita Ayo, kama Waborana wengi wanavyomwita mama. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia, mmoja wa wale wanawake mnaowaona asubuhi pale stendi na mitungi ya plastiki. Maziwa yanakuja kutoka kwa wafugaji, mama anayanusa na kuyaonja, anayatia kwenye mtungi uliofukizwa moshi, na mtungi unapanda basi kwenda Nairobi. Katika biashara hiyo mtu anaununua mkono kuliko maziwa yenyewe. Watasema mkono wa fulani ni safi, mkono wa fulani una maji. Mkono wa Ayo ulikuwa safi tangu mimi ni mtoto mchanga.

Kisha mimi nikamwekea mume wangu sumu.

Kwenye tamthilia, jamani. Nilipewa nafasi ya mke wa pili aliyeitwa Zuhura, anayemtilia mume sumu kwenye chai ya maziwa. Sumu yenyewe ilikuwa sukari iliyosagwa. Niliigiza vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Niliikoroga chai polepole, nikainusa, nikaionja kwa ncha ya kijiko huku jicho moja nimelifinya kidogo. Kuonja huko hakukuwa kwenye skripti. Nilichukua kwa Ayo, ndivyo alivyoyaonja maziwa yake kila siku ya maisha yangu, na sikufikiri hata kidogo nilipokuwa nafanya. Mwelekezi alinisifu. Watu wa Isiolo walitambua mara moja, wakasema huyu amefundishwa nyumbani.

Wiki hiyohiyo mitungi ya Ayo ilianza kurudi imejaa. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Mmoja alisema leo tuna maziwa ya kutosha, mwingine akasema mtoto amekataa ya ngamia. Mwishowe mzee mmoja pale stendi alisema waziwazi, "Qabale, si ati nakushuku. Lakini ile kuonja ya msichana yako ni ile yako kabisa. Sasa nikitaka kunywa, moyo inakataa."

Ayo alinipigia simu kutoka kwa jirani, akaniita kwa jina langu. "Talaso, hiyo kazi wacha."

"Ayo, ni mchezo tu. Ilikuwa sukari."

"Mimi najua ni sukari," alisema. "Mitungi inarudi."

Ningepanda basi siku hiyo nirudi nyumbani, nikae naye pale stendi asubuhi mbili tatu, ninywe maziwa yake mbele ya watu, pengine mambo yangetulia. Badala yake nilimtumia picha. Nilipiga picha kwenye seti na yule mume wangu wa tamthilia, amenishika bega, tunacheka, ili Ayo awaonyeshe majirani kwamba marehemu yuko mzima. Fikirieni akili yangu. Mama wa Kiislamu analetewa picha ya binti yake akiwa mikononi mwa mwanamume asiyemjua, eti ndiyo ushahidi wa usafi. Baba aliniambia Ayo aliichana. Akaniambia pia kwamba nisirudi kunywa maziwa ya mama yangu mpaka aniite mwenyewe.

Nyinyi mmelelewa hapa, mnajua uzito wake. Mama akikunyima maziwa amekunyima radhi, na mtu asiye na radhi ya mama hata akipata, hapati. Nilipata jina, nilipata nyumba ya kupanga yenye ngazi, nilipata watu wa kunisalimia njiani. Kila Idi nilikuja Isiolo nikalala kwa shangazi, mita mia mbili kutoka mlango wa Ayo, na hakuniita. Aliacha maziwa, akauza tumbaku na majani ya chai kwa vipakiti. Nilikuwa nikimwona kwa mbali ameketi nyuma ya kimeza chake, na nilikuwa naumia.

Na binti yangu alikuwa kwake. Nilimwacha Rukia kwa Ayo akiwa na miaka minne, baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikisema ni kwa muda. Nikija Idi aliletwa kwangu kule kwa shangazi kama mgeni. Baba yangu alipofariki, Rukia alikuwa na miaka tisa. Niliketi uani na wanawake wengine tukilia, na mtoto akanisogelea, akainama karibu na sikio langu na kuuliza, "Hii ni ya kweli ama ni ile ya TV?" Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa inakunja leso. Mpaka leo nikilikumbuka swali lile natamani ardhi inifunike.

Niwaambie pia kuhusu kuzeeka kazini, maana hakuna atakayewaambia. Kwanza unakuwa msichana anayeolewa, kisha mke, kisha mke mbaya, kisha mama mkwe, kisha maiti. Mwaka wangu wa mwisho wa tamthilia nilikufa mara tatu. Kulala maiti kuna ufundi wake, pumua kwa tumbo chini ya shuka nene, na ukiwa na mafua sema mapema. Nilikuwa nimelala hivyo kwenye jeneza la kuazima nilipoamua sitaki tena, na siku chache baadaye prodyusa mmoja akanipigia simu. Alikuwa na kipindi cha maisha halisi, hicho mnachokiita rialiti, ambacho watu wenye majina wanarudi kwao na kamera inawafuata. Alitaka mimi na mama yangu. "Mcheza kwao hutunzwa," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeisoma methali hiyo asubuhi.

Nilijua Ayo atakataa. Nilimtuma Rukia, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, amwulize tu ili niweze kusema niliuliza. Rukia alirudi amechanganyikiwa. Ayo alikuwa amekubali kabla swali halijaisha.

"Amesema TV ndio ilimchafua," Rukia akaniambia. "Amesema TV itamsafisha. Anataka akunywe maziwa kutoka kwa mkono yako, Kenya yote ione, na waone hajakufa."

Baada ya miaka yote ile, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa mbele ya kamera alikuwa ameshaandika onyesho lake kichwani. Angenipa radhi, na jina lake lingerudi. Nililia nikiwa peke yangu jikoni, na mikono yangu haikuwa na leso.

Mwelekezi wa kipindi alikuwa kijana wa Nairobi tuliyemwita Brayo, mwenye nywele za kusokotwa na adabu nyingi. Maisha halisi, mjue, yanarudiwa kuliko tamthilia. Niliingia lango la Ayo mara tatu. Mara ya kwanza mbuzi wa jirani alipita mbele ya kamera, mara ya pili jua lilikuwa baya. Mara ya tatu niliita hodi na Ayo hakutoka. Tulimkuta ameketi ndani. "Si umeshaingia," alisema. "Unataka kuingia mara ngapi kwa nyumba moja?" Siku nyingine walinipeleka kukamua ngamia, kazi ambayo sijawahi kuifanya na ambayo kwetu ni ya wanaume. Ngamia alinitapikia begani. Kipande hicho kikazunguka kwenye simu za nchi nzima, na waendesha boda boda wa hapa wakaanza kuniita Mama Ngamia. Huo ndio umaarufu mliokuja kuniuliza habari zake. Miaka ishirini ya kazi, na nilijulikana zaidi kwa matapishi.

Siku ya kunipa radhi ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri. Ayo alitaka ifanywe kwa buna. Kwa watoto ambao si Waborana nieleze kidogo. Ni matunda makavu ya kahawa, na maganda yake, yanayokaangwa kwa samli, na unapika hivyo wakati kuna jambo la kuombea: ndoa, mtoto, amani. Kabla ya kukaanga unauma ncha ya kila tunda kwa meno. Ayo alikuwa amebakiza meno machache mbele, kwa hivyo aliuma yake polepole na mengine akanipitishia mimi. Tuliketi hivyo kwenye vigoda viwili, mlango wazi upande wa barabara, tunauma buna. Samli ikaanza kunukia. Matunda yakaanza kupasuka moja moja kwenye sufuria, na kwetu hapo ndipo maneno mazuri yanaposemwa, buna ikiwa motoni.

Nikamimina maziwa kwenye kikombe, nikampa kwa mikono miwili. Alinusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, jicho moja amelifinya. Kisha akanywa yote, mpaka mwisho, akaniangalia. Hakuiangalia kamera. Aliniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu Rukia akiwa mtoto mdogo.

"Talaso, intala tiya," alisema, yaani binti yangu. "Ile picha ulinitumia, mimi..."

Na hapo likaja lori la Merti, limejaa mbuzi, na maneno yakakatwa. Katika kumbukumbu yangu nilimsikia Brayo akisema kata. Ningeapa mbele ya kadhi kwamba nilimsikia. Lori lilipita, vumbi likatulia, tukaambiwa tuanze tena.

Mara ya pili Ayo aligeuka akaiangalia kamera. "Mimi Qabale, mama ya Talaso," alisema, "nimekunywa maziwa kutoka mkono yake. Nimempatia radhi. Mungu atupatie amani." Alinyamaza mahali panapofaa kunyamaza. Alishika ncha ya mtandio wake, akaikunja. Brayo alifuta macho, mtu wa kamera alifuta macho, na baadaye watu wengi waliniambia walilia majumbani kwao. Mimi niliketi pale nikajua kipaji changu kilitoka wapi. Nilijua pia, kama Mulwa alivyokuwa akijua kwa tumbo, kwamba neno lile la pili lilikuwa la watu. Langu lilikuwa la kwanza.

Kipindi kilipotoka, yule mzee wa stendi alikuja nyumbani, akaomba kikombe cha maziwa, akakinywa amesimama mlangoni. Hakuomba msamaha, na Ayo hakumdai. Jina lake lilikuwa limerudi, ingawa nguvu za kubeba mitungi hazikuwepo tena.

Nilimwuliza kabla sijarudi Nairobi. "Ayo, ulikuwa unataka kusema nini juu ya picha?"

"Hiyo ilienda na lori," alisema.

"Si useme sasa, tuko sisi wawili tu."

"Sasa hakuna buna kwa moto. Kuja siku ingine, tutapika."

Nilisema nitakuja baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaisha, nikaitwa kutangaza sabuni ya unga, kisha nikaitwa kuketi studio kueleza habari za ngamia, na nikasema wiki ijayo, na wiki ijayo. Rukia alinipigia simu asubuhi moja, na sauti yake tu ilitosha. Tulimzika Ayo siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Nilifika wakati wanaume wakirudi kutoka makaburini.

Katika siku zote za msiba nilimwambia kila aliyekuja kuketi nasi: kijana mmoja wa Nairobi alimkata mama yangu maneno. Nilimpigia Brayo simu na kumtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana mathe," alisema, yaani mama, na hakuongeza kitu. Niliacha kazi mwezi huo. Mkataba wa sabuni niliuvunja, jina likiwa juu kama mlivyosema. Niliichukia kamera, na nilimchukia yule kijana kwa miaka mitatu, nikiswali na kumchukia. Tulitafuta kwenye sanduku la Ayo, mimi na Rukia, kama kuna picha yoyote, nzima au vipande. Hatukuona kitu.

Mwaka huu Rukia alitaka sauti ya akko wake, ndivyo alivyomwita bibi yake. Bila kuniambia alimwandikia Brayo kuuliza kama zile kanda ambazo hazikuonyeshwa bado zipo. Brayo alijibu zipo. Akaongeza, "Lakini mathe asiione akiwa peke yake."

Tuliitazama wawili, alasiri, kwenye kompyuta ndogo ya Rukia, hapohapo mlipoketi nyinyi. Ayo anauma buna. Ayo anakunywa. "Talaso, intala tiya. Ile picha ulinitumia, mimi..." Mngurumo unaanza, bado mdogo, lori liko mbali. Ayo anaendelea, midomo yake inaenda. Na pembeni mwa picha mkono unateremka polepole, kiganja kinaangalia chini.

Nyuma ya kamera inasikika sauti ya Brayo, ananong'ona. "Wacha aendelee. Wacha, wacha aendelee."

Ayo anauangalia ule mkono. Hakuwa amefundishwa ishara za seti, lakini alijua mkono wa mtoto wake unapomwambia nyamaza. Anafunga mdomo. Anarekebisha mtandio. Lori linapita na kelele zake zote, linaisha, na sauti yangu, safi kabisa, ya mtu wa kazi, inasema, "Sawa, tuanze tena kutoka mwanzo, Ayo."

Rukia alisimamisha kanda. "Mama," alisema, "ni mkono wako."

"Nimeona."

Tuliirudia mara nyingi siku hiyo. Tulijaribu kuisoma midomo yake. Rukia alipeleka kanda kwa rafiki yake anayejua kusafisha sauti, naye akasema hakuna maneno ya kusafisha, kuna lori tu. Nilimpigia Brayo simu kumwomba msamaha, na alinijibu kwa adabu yake ileile. "Ni sawa mathe, si ulikuwa tu kazini." Hakukusudia kunichoma, na hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo.

Basi hilo ndilo jibu. Niliacha nikidhani nimeikimbia kamera, na kumbe niliyepaswa kumkimbia nilikuja naye nyumbani. Sijui kama nina radhi ya mama yangu. Nina ile ya runinga, iliyosemwa vizuri, na hata leo mnaweza kuitazama kwenye simu zenu. Wazee wa msikiti wananiambia inatosha. Wao hawakuwa wameketi kwenye kigoda kile.

Juzi Rukia alikuja jioni baada ya shule, tukaketi mlangoni tukichambua mchele. Alipuliza makapi, kisha akasema, "Mama, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuambia tangu nikiwa mdogo." Na mimi nikalisikia lori, liko mbali, linatoka upande wa Ngaremara, limebeba mbuzi. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuteremka. Niliuvuta nikauweka chini ya paja, nikaukalia, na nikasogeza kigoda mpaka goti langu likagusa lake. Nikaweka sikio karibu na mdomo wake. Lori lilipita, na mtoto wangu hakuacha kuongea. Sikusikia yote. Nusu niliyoisikia ninayo, na nyinyi siwaambii.